Kompyuta Kongwe katika Stoo za Tegeta

Nchini Uingereza, mtu anayetaka kupata kompyuta ya nyumbani iliyotengenezwa mwaka 1982 hana kazi kubwa. Aina moja tu, ile ya ZX Spectrum ya kampuni ya Sinclair, iliuzwa kwa idadi inayozidi milioni tano, na hadi leo haikosekani katika minada na maduka ya vitu vya kale. Mtu huyohuyo akihamia Tegeta, kando ya Barabara ya Bagamoyo, kaskazini ya katikati ya jiji la Dar es Salaam, anaweza kuitafuta mashine hiyo mwaka mzima asiione hata moja. Asidhani kwamba Tegeta haina mashine kongwe. Zipo, tena si haba. Ila ni za aina nyingine na za miaka mingine, na umaskini peke yake hautoshi kueleza kwa nini. Sababu imo katika historia ya nchi, na historia hiyo inasomeka katika vitu vyenyewe, endapo vitawahiwa kabla ya kufikishwa kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu.

Kompyuta ya kwanza ya Tanzania, ya aina ya ICT 1500, ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kampuni iliyoiuza ilikuwa ya Kiingereza, lakini mtambo wenyewe ulibuniwa Marekani na kampuni ya RCA, ambayo iliuita RCA 301. Baadaye ulikuja mtambo wa ICL wa mfululizo wa 1900, na kufikia mwaka 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba. Mitambo hiyo ilikula fedha nyingi za kigeni, vipuri na wataalamu wake walitegemewa kutoka ng'ambo, na kazi ya kuweka hesabu za Serikali haikwenda kama ilivyotarajiwa. Mwaka huohuo wa 1974 ikatolewa amri ya kuzuia uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, pamoja na televisheni, isipokuwa kwa kibali maalumu.

Vijana wa leo wakisimuliwa habari ya amri hiyo hucheka. Mwandishi wa makala haya hacheki. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda mno tangu mwishoni mwa mwaka 1973, mvua zilikuwa zimekosekana, na nchi ililazimika kununua mahindi ng'ambo kwa dola zilezile ambazo zingelipia mitambo. Bahati mbaya ni kwamba kompyuta ilibadilika umbo mara tu baada ya mlango kufungwa. Mtambo uliojaza chumba chenye kiyoyozi ulianza kusinyaa hadi ukatosha mezani. Mwaka 1977 zilitokea Apple II, Commodore PET na TRS-80. Mwaka 1981 ikaja ZX81 yenye kumbukumbu ya kilobaiti moja tu. Mwaka 1982 zikafuata Spectrum na Commodore 64. Na mwezi Julai 1983 kampuni ya Nintendo ikaanza kuuza Famicom, mashine ya michezo, huko Japani. Tabaka zima la mashine hizo lilitupita pembeni.

Kulikuwa na kizuizi cha pili ambacho aghalabu husahauliwa. Kompyuta nyingi za nyumbani za wakati ule hazikuuzwa na kioo chake. Zilichomekwa kwenye televisheni ya familia kupitia tundu la antena, kana kwamba ni kituo kidogo cha matangazo kilichomo sebuleni. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Kwa hiyo hata aliyebahatika kuwa na kompyuta mwaka 1984 pale Dar es Salaam alikuwa na injini isiyo na magurudumu, mpaka apate na televisheni ambayo haikuwa na kipindi cha kuonyesha.

Na bado zilikuwepo zilizoingia. Zililetwa katika masanduku ya wanafunzi waliokuwa wakirejea kutoka masomoni, ya mabaharia na ya wataalamu wa kigeni. Kuanzia mwaka 1984, Serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa zilikotoka, mlango ulifunguka kidogo zaidi, na amri ya 1974 nayo ikaendelea kulegezwa hatua kwa hatua.

Hapa ndipo Tegeta inapoingia. Watumishi wengi waliosoma ng'ambo waliishi kwanza katika nyumba za kazini, karibu na katikati ya jiji. Walipokaribia kustaafu walijenga huku kaskazini: Tegeta, Boko, Bunju, Mbweni. Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, ambao ulipima maeneo ya Bunju na Mbweni miongoni mwa mengine, uliwaleta wengine zaidi. Kila aliyehama alikuja na maboksi, na yako maboksi ambayo hayajafunguliwa tangu siku hiyo. Yamewekwa stoo, juu ya mifuko ya saruji iliyoganda, chini ya baiskeli za watoto ambao sasa ni wazazi. Kwa mtafutaji wa kompyuta kongwe stoo hizo zina thamani kuliko maduka ya Kariakoo, kwani muuzaji wa Kariakoo ameshakipitia kila alichonacho na kukiuza.

Anayetafuta na aanzie kwa mafundi wa redio na televisheni, ambao huletewa vitu hivi kabla havijatupwa. Tena asiulize kwa jina la kampuni. Lugha yetu yenyewe imekuwa na majina zaidi ya moja ya kifaa hiki: wako waliopendekeza ngamizi, Wakenya wakaizoesha tarakilishi, na watu wengi wakabaki na kompyuta. Katika stoo hakuna jina hata moja kati ya hayo linalosaidia. Kompyuta nyingi za nyumbani za miaka ya 1980 zilijengwa ndani ya kibodi. Bodi, prosesa na kumbukumbu vyote vimo chini ya vitufe, na hakuna sanduku jingine. Mtu aliyezoea kompyuta za leo akiiona hudhani ni kibodi iliyopotelewa na kompyuta yake, na kwa mawazo hayo huitupa. Swali zuri la kuuliza ni hili: "Mna kibodi nene iliyokuwa ikichomekwa kwenye TV?"

Mwandishi alishuhudia jambo hilo katika kibanda cha fundi mmoja, si mbali na kituo cha Tegeta Nyuki. Mzee mmoja mstaafu alileta boksi, ndani yake mna Commodore 64 aliyoinunua Ujerumani wakati wa masomo.

"Shikamoo, mzee," fundi alisema huku akiigeuzageuza. "Hii kibodi naiona. Kompyuta yenyewe umeiacha nyumbani?"

"Marahaba, mwanangu. Kompyuta ndiyo hiyo uliyoishika."

Fundi yule hakuwa amewahi kuona mashine ya namna hiyo, lakini alifanya jambo ambalo wakusanyaji wengi wa Ulaya wamejifunza kwa hasara. Hakuiwasha. Alichukua adapta yake, lile tofali zito jeusi, akaichomeka peke yake, akapima kwa mita. Mahali palipotakiwa kuwa na volti 5 palikuwa na volti 6 na ushei. Adapta za asili za Commodore 64 zimemiminiwa utomvu mgumu ndani, hazifunguki wala hazipoi vizuri. Sehemu inayotuliza volti ikichakaa, umeme hupanda, na chipu za kumbukumbu huungua. Fundi aliiweka kando, akaunganisha umeme mwingine ulio salama, akaunga waya kwenye televisheni ya chogo iliyokuwa kwenye rafu. Kioo kikageuka buluu, na mashine ikatangaza kwamba ina baiti 38,911 zilizo huru kwa matumizi ya mwenye nayo. Hiyo ndiyo nafasi iliyobakia katika kilobaiti zake 64 baada ya lugha ya BASIC na kazi nyingine za ndani kuchukua sehemu yao. Picha moja ya simu ya leo haitoshei humo.

Katika boksi lile mlikuwa pia na kanda mbili za kaseti, na habari yake inafaa kuelezwa kwa urefu. Kompyuta hizi zilihifadhi programu kwenye kanda za kawaida, zilezile za muziki. Tarakimu ziligeuzwa kuwa sauti, na sauti hiyo ukiisikiliza katika redio ni mlio mkali unaokwaruza, kama nyenje waliofungiwa ndani ya debe. Asiyejua hudhani kanda imeharibika. Ndivyo ilivyokuwa kwa mzee yule: katika kanda ya kwanza watoto walikuwa wamerekodia nyimbo za kwaya juu ya programu. Ya pili ilikuwa imesalia na ikasomeka. Ilikuwa na programu aliyoiandika mwenyewe, ya kukadiria idadi ya tofali na mifuko ya saruji kwa nyumba aliyokusudia kujenga. Alipoiona alinyamaza kwa muda, kisha akamwambia fundi kwamba makadirio ya saruji yalikuwa pungufu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukikuta kanda inayolia hivyo, usirekodi juu yake. Iunganishe kwa waya na kompyuta ya siku hizi, uirekodi sauti yake kama ilivyo, bila kuipunguza wala kuisafisha. Faili hilo la sauti linaweza kugeuzwa tena kuwa programu, hata kama mashine yenyewe haipo. Hali ya hewa ya pwani inaotesha ukungu kwenye utepe wa kanda na kwenye diski laini, na ukungu huo hukwangua tabaka la sumaku kila utepe unapozungushwa. Kanda yenye madoa meupe isichezwe kabla haijasafishwa.

Hata hivyo Commodore 64 katika Tegeta ni kitu cha nadra. Mashine ambayo kwa haki ingeitwa kompyuta ya kwanza ya nyumba zetu za kawaida ni nyingine, na wakusanyaji wa ng'ambo huidharau. Ni ile mashine ya michezo ya bei nafuu, mwigo wa Famicom, iliyoenea Asia, Ulaya ya Mashariki na Afrika katika miaka ya 1990. Kwetu iliwezekana kuenea kwa kuwa televisheni zilikuwa zimeanza kuingia majumbani baada ya mwaka 1994. Ilikuja na pedi mbili, bastola ya plastiki, na kaseti yenye maandishi kwamba ina michezo 9,999, ambayo ukiihesabu vizuri haifiki ishirini. Iliyosalia ni ileile iliyorudiwa kwa rangi nyingine au kuanzia hatua nyingine. Hakuna aliyerudisha kaseti dukani kwa kosa hilo.

Kiufundi mashine hizo zinastahili heshima kuliko zinavyopewa. Famicom ya Nintendo ilikuwa na chipu kuu mbili, moja ya hesabu na sauti, nyingine ya picha. Kampuni ya UMC ya Taiwani ilitengeneza chipu zinazofanya kazi sawa na hizo, na baadaye vyote vikakusanywa ndani ya kipande kimoja cha silikoni, kikagandishwa juu ya bodi na kufunikwa kwa tone la utomvu mweusi. Ukifungua mashine ya miaka ya mwisho unaweza kushangaa: sanduku kubwa, ndani kibodi kidogo cha upana wa kiganja na lile tone. Palikuwa na tatizo la taratibu za televisheni pia. Famicom ya Kijapani huchora picha 60 kwa sekunde, na televisheni zetu za mfumo wa PAL zilipangiwa 50. Watengenezaji wa miigo walirekebisha chipu ya picha ili michezo ya Kijapani isikwame kwenye televisheni za 50. Mwendo ulipungua kwa sehemu moja katika sita, na muziki, ambao hufuata mapigo ya picha, ulipungua nao. Aliyekulia Tegeta na mashine hiyo, akija kusikia muziki wa mchezo uleule kama ulivyotungwa, atauona una haraka isiyo ya kawaida.

Baadhi ya miigo hiyo ilikuwa na kibodi kamili na kaseti ya lugha ya BASIC. Mtoto aliyeichomeka aliweza kuandika programu ya mistari michache, ingawa akizima umeme yote hupotea. Ukikuta moja yenye kibodi, iweke mbele ya Spectrum yoyote. Spectrum zimeshahifadhiwa kwa maelfu katika makumbusho na nyumba za Ulaya. Miigo hii, ambayo haina jina la kampuni linaloaminika wala tarehe mgongoni, haina anayeilinda.

Bastola yake inatufikisha kwenye habari ya televisheni ya chogo. Ukivuta kifyatulio, mashine huufanya uso wa televisheni kuwa mweusi kwa muda mfupi sana, kisha huchora mraba mweupe mahali alipo bata. Bastola haitoi kitu, inapokea. Ndani ya mtutu mna jicho linalohisi mwanga, na mashine huuliza: je, jicho limeona mweupe wakati huu? Katika televisheni ya chogo, mshale wa elektroni huchora picha papo hapo umeme unapofika. Televisheni bapa huipokea picha kwanza, huichakata, kisha huionyesha ikiwa imechelewa, na swali la mashine linakuwa limeshapita. Kwa hiyo bastola nzima kabisa huonekana mbovu. Matangazo ya analojia yalipozimwa kuanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, chogo nyingi ziliendelea kwa msaada wa ving'amuzi, kisha zikaanza kutupwa. Anayekusanya mashine za michezo bila kuhifadhi chogo moja nzima amekusanya nusu ya kifaa. Asiifungue lakini, kama si fundi. Kioo chake hufanya kazi kwa zaidi ya volti 20,000, na kinaweza kuhifadhi umeme huo hata baada ya kuchomolewa.

Kompyuta za ofisini za mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990, zile za aina ya 286 na 386 zilizoletwa mitumba, ndizo zinazokufa haraka kuliko zote. Juu ya bodi zake mna betri ya nikeli na kadimi, yenye umbo la pipa dogo, ya kutunza saa. Betri hiyo ikizeeka huvuja alkali, ambayo hula nyuzi za shaba za bodi hata mashine ikiwa imezimwa stooni. Mashine iliyokuwa nzima inaharibika ikiwa imefunikwa kitambaa kwa heshima. Ifungue leo, ikate betri hiyo, uvae glavu. Palipo na unga wa kijani pafutwe kwa siki kidogo, kwa kuwa asidi ya siki huituliza alkali. Kisha paoshwe kwa maji safi, pakaushwe, na kumalizia kwa spiriti. Spiriti ya kusafishia vidonda ina maji ndani yake, hivyo iliyo kali zaidi ni bora. Chumvi ya upepo wa bahari, ambayo huku Kunduchi na Tegeta hula hata mabati, nayo hushambulia meno ya kaseti na soketi. Hizo husafishwa kwa spiriti hiyohiyo na pamba. Plastiki iliyogeuka njano kwa miale ya jua iachwe ilivyo. Wako wanaoichovya katika dawa ili iwe nyeupe, na mwandishi haoni faida ya kumvua mzee mvi zake.

Jambo moja zaidi kuhusu umeme. Plagi ya Spectrum, na ya Famicom halisi, ina ncha hasi katikati, kinyume cha adapta nyingi zinazouzwa sasa madukani. Ukiichomeka bila kuangalia, harufu itakujulisha.

Mashindano makubwa ya mkusanyaji wa Tegeta ni dhidi ya mizani. Mnunuzi wa vyuma chakavu hulipa kwa kilo, na kwake 386 ni bati, shaba na kipande cha aluminiamu. Nyaya huchomwa moto ili kuondoa plastiki. Moshi wake una sumu, na majivu yana risasi iliyotoka kwenye lehemu. Yaliyobakia huishia dampo la Pugu Kinyamwezi au kwenye korongo la karibu. Hatuwezi kumlaumu kijana anayesukuma mkokoteni wa kununulia chakavu, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba kuna mtu mwingine atakayelipa zaidi kidogo. Mpe fundi wako na kijana huyo picha ya vitu unavyovitafuta, na uongeze juu ya bei ya kilo. Mara nyingi kinachotakiwa ni nyongeza ya kiasi cha chai tu.

Ukishaipata mashine, chukua daftari kabla ya bisibisi. Andika iliingia nchini mwaka gani na kwa njia ipi: sandukuni, kwa meli, kutoka Dubai, kupitia Zanzibar. Andika ilinunuliwa kwa fedha gani, ilichomekwa kwenye televisheni ipi, nani aliitumia na kwa kazi gani, kama kibali kilitakiwa na kilipatikana ofisi ipi. Stakabadhi ya forodha ikiwepo, iwekwe pamoja na mashine. Namba ya mashine iliyoko chini ya sanduku inaweza kutafutwa wakati wowote. Majibu ya maswali haya mengine yako kwa watu wenye umri wa miaka sabini na themanini, wanaokaa barazani jioni pale Tegeta, Boko na Bunju, na wengi wao hawajawahi kuulizwa.